Je, Wajua? Kupiga Hesabu za Kriketi Ukiwa Bariadi

Bariadi si mji wa kriketi. Jioni ukipita kwenye viwanja vya shule utakuta soka na netiboli, na ukisikia kelele za mashindano barabarani, huenda ni mbio za baiskeli. Hata hivyo kriketi ina tabia yake: nusu ya mchezo huchezwa uwanjani, nusu ya pili huchezwa kwenye daftari, na hiyo ya pili haidai nyasi wala gongo. Inadai kompyuta ya shule au simu janja, jedwali la Excel au mistari michache ya Python, na mtu asiyeogopa kugawanya. Kijana wa mkoa huu wa Simiyu anayejifunza kuandika programu hatapata zoezi tamu kuliko hili. Hesabu zenyewe ni za shule ya msingi, ila mitego yake imewanasa hata wenye shahada, na karibu yote imetegwa mahali pamoja: kwenye namba ya kugawia.

Kwa asiyeujua mchezo, yanatosha haya. Mrushaji hurusha mpira kuelekea vijiti vitatu. Mpigaji huvilinda kwa gongo na kutafuta mikimbio. Mipira sita halali ni ova moja. Mpigaji akitolewa, wiketi imeanguka, na zikianguka kumi timu imemaliza zamu yake. Mengine utayaokota njiani.

Je, wajua kwamba Tanzania ilikuwamo katika Kombe la Dunia la kwanza la kriketi la wanaume? Ilikuwa Uingereza, mwaka 1975, ndani ya timu iliyoitwa Afrika Mashariki, yenye wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia chini ya nahodha Harilal Shah. Mmoja wa wachezaji hao, John Nagenda wa Uganda, baadaye alijulikana zaidi kwa kalamu yake na kwa kuwa mshauri wa Rais Museveni. Timu ilicheza mechi tatu na kupoteza zote: New Zealand iliishinda kwa mikimbio 181, India kwa wiketi 10 (yaani bila wiketi yake hata moja kuanguka), Uingereza kwa mikimbio 196.

Kipigo cha kwanza ndicho kinachotufaa hapa. Tarehe 7 Juni 1975, mjini Birmingham, Glenn Turner wa New Zealand aliipiga Afrika Mashariki mikimbio 171 na hakutolewa mpaka ova zote 60 zikaisha. Katika michuano ile alipiga zamu nne: 171, 12, 114 na 36. Jumla 333. Mwanafunzi yeyote atagawanya kwa nne apate 83.25, na atakuwa amekosea, kwa sababu wastani wa mpigaji hugawanywa kwa idadi ya mara alizotolewa, basi. Turner alitolewa mara mbili tu. Wastani wake ni 166.5, mara mbili ya ule wa mwanafunzi wetu.

Sasa ziingize namba hizo kwenye Excel kama magazeti yanavyoziandika. Desturi ya kriketi ni kumwekea nyota mpigaji ambaye hakutolewa: 171*, 12, 114*, 36. Excel ikiiona ile nyota huacha kuiona namba. Kwake 171* ni maneno, sawa na jina la mtu. Ukiiambia ijumlishe safu nzima itaruka maneno kimyakimya, ijumlishe 12 na 36, ikupe 48. Gawanya kwa mbili: 24. Mtu aliyewatesa babu zetu siku nzima anageuka mpigaji wa kawaida, na mashine haikutoa hata onyo moja. Dawa yake ni safu mbili: moja ya mikimbio, nyingine ya kuandika ndiyo au hapana kama alitolewa.

Siku hiyohiyo ya 7 Juni, London, kulikuwa na kioja kingine. India ilikuwa inafukuzia mikimbio 334 ya Uingereza, na Sunil Gavaskar, mmoja wa wapigaji hodari wa karne iliyopita, aliingia akasimama ova zote 60, mipira 174, akapata mikimbio 36 bila kutolewa. Turner kule Birmingham alikuwa ametumia mipira 201 kupata 171. Kasi ya mpigaji hupatikana kwa kugawanya mikimbio kwa mipira aliyoikabili, kisha kuzidisha kwa 100. Turner: 85.07. Gavaskar: 20.69. Lakini hebu angalia wastani unavyomtendea Gavaskar. Mikimbio 36 inaongezwa juu, chini haiongezwi kitu, kwa kuwa hakutolewa. Zamu iliyowaudhi watazamaji wa nchi mbili ikampandishia wastani! Ndiyo maana kifaa cha takwimu kinachotoa wastani peke yake ni nusu kifaa.

Je, wajua kwamba mrushaji mmoja wa Australia aliwahi kumaliza ziara nzima ya Uingereza akiwa na wastani wa 102? Bill Johnston, mwaka 1953. Hakuwa mpigaji, alikuwa mtu wa mwisho kabisa kwenye orodha, yule anayeingia wenzake wameshaisha. Alipiga zamu 17, akapata mikimbio 102 kwa jumla, akatolewa mara moja tu. Mia moja na mbili gawanya kwa moja. Nahodha wake, Lindsay Hassett, aliiona hesabu hiyo mapema na alifurahia kuhakikisha Johnston hatolewi tena. Kwa kulinganisha, Don Bradman, anayehesabiwa na wengi kuwa mpigaji bora wa nyakati zote, alimaliza mechi zake za Test, zile za kimataifa za siku kadhaa, na 99.94: mikimbio 6,996, kutolewa mara 70. Alipoingia kwa zamu yake ya mwisho London, Agosti 1948, alihitaji mikimbio minne tu wastani ufike 100. Eric Hollies wa Uingereza alimwangushia vijiti kwa mpira wa pili. Sifuri.

Yupo na ambaye hana wastani kabisa. Afaq Hussain wa Pakistan alicheza Test mbili miaka ya 1960, akapiga zamu nne, akapata mikimbio 66, na hakutolewa hata mara moja. Wastani wake ni 66 kugawanya kwa sifuri. Hapo Python hukataa katakata na kusimamisha programu nzima. Excel hujaza kisanduku alama ya kosa. Wapo wanaoficha tatizo kwa kuandika sifuri, na hapo wanamdhulumu mtu ambaye hakuna aliyeweza kumtoa. Wapo wanaoweka 66, nao wanasema uongo wa upande wa pili. Vitabu vya kriketi huweka kistari tu: hakuna jibu. Kuifundisha programu iseme hivyo ni mstari mmoja, na kwa maoni yangu ndio mstari unaoonyesha kama mwandishi wake amefikiri.

Tuje kwa warushaji, na tuje nyumbani Afrika Mashariki. Tarehe 15 Machi 2003, mjini Durban, Kenya ilikutana na Australia, mabingwa wa dunia. Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, mkongwe aliyerudishwa kikosini baada ya kustaafu, na ambaye pia aliwahi kuichezea Kenya tenisi ya Davis Cup, alirusha ova 8.2, sita kati ya hizo hazikutoa mkimbio hata mmoja, akaruhusu mikimbio 7 na kuangusha wiketi 3, ya nahodha wao Ricky Ponting ikiwemo. Australia ilishinda, lakini mpaka leo ukitaja kriketi ya Kenya kwa anayeijua, utasikia habari za Karim.

Ile 8.2 ndiyo kiini. Hapo nukta si nukta ya desimali. Maana yake ni ova nane na mipira miwili, yaani mipira 50. Mrushaji hupimwa kwa mikimbio anayoruhusu kwa kila ova. Programu ikigawanya 7 kwa 8.2 itatoa 0.85, na jibu sahihi ni 0.84. Tofauti ni ndogo, utasema. Subiri, tutafika Kigali.

Kwanza mtego ulio ndani ya mtego. Mwandishi mwerevu wa programu atasema: nitachukua 8.2, nitatoa 8, itabaki 0.2, nitazidisha kwa 10 nipate mipira miwili. Kompyuta huhifadhi desimali kwa namna ambayo 8.2 kutoa 8 hutoa 0.1999999 na ushee. Zidisha kwa 10, kisha iambie Python ibaki na namba nzima, itakupa 1. Karim kapoteza mpira mmoja na hakuna aliyeuiba. Njia salama ni kuisoma 8.2 kama maandishi, kuikata penye nukta, kuzidisha kipande cha kushoto kwa sita na kuongeza cha kulia. Njia bora zaidi ni kutohifadhi ova kabisa: hifadhi mipira, na ova zionekane tu wakati wa kuchapisha.

Na matokeo yake yaliyofupishwa, wiketi 3 kwa mikimbio 7? Iandike 3/7 kwenye Excel. Itaamini umeandika tarehe, na kazi bora ya maisha ya Karim itageuka 3 Julai, au 7 Machi, kutegemea jinsi kompyuta ilivyopangwa.

Sasa Kigali. Baraza la Kriketi la Kimataifa liliamua kwamba kuanzia tarehe 1 Julai 2018 mechi zote za ova 20 kati ya timu za taifa za wanawake wa nchi wanachama zihesabiwe kuwa za kimataifa. Wanaume wakafuata 1 Januari 2019. Kwa uamuzi huo Mali na Australia zikaingia kwenye daftari moja. Juni 2019, katika michuano ya Kwibuka inayofanyika Rwanda kuwakumbuka waliouawa kwenye mauaji ya kimbari, wanawake wa Mali, wapya kabisa kwenye mchezo, walitolewa wote na Rwanda kwa mikimbio 6. Kati ya hiyo sita, mitano ilikuwa ya ziada, ile inayotokana na makosa ya upande wa pili bila gongo kufanya kazi. Magongo ya Mali yalitoa mkimbio mmoja.

Rwanda ikahitaji mipira minne kufikisha 8. Ubaoni huandikwa ova 0.4. Gawanya 8 kwa 0.4 na programu itakuambia Rwanda ilikwenda kwa kasi ya mikimbio 20 kwa ova. Mipira minne ni theluthi mbili ya ova. Kasi ya kweli ni 12. Ile tofauti ndogo ya Karim imekua.

Mali nayo ina somo lake. Ilidumu ova 9, kwa hiyo ungegawanya 6 kwa 9 upate 0.67. Kanuni ya kupanga msimamo haikubali: timu iliyotolewa yote huhesabiwa kana kwamba ilitumia ova zake zote 20, ili isinufaike kwa kufa mapema. Sita kwa ishirini ni 0.30. Tofauti ya kasi katika mechi hiyo, 12 kutoa 0.30, ni 11.70. Programu isiyojua kanuni hiyo wala maana ya 0.4 ingetangaza namba kubwa kupindukia kwa Rwanda na namba ya upendeleo kwa Mali, makosa mawili kwenye mstari mmoja. Siku chache baadaye Tanzania ilipata 285 kwa wiketi moja dhidi ya Mali hiyohiyo, Fatuma Kibasu akipiga 108 bila kutolewa, na Mali ikatoka kwa 17. Hapo hesabu ni laini: mikimbio 268 ya ushindi gawanya kwa 20, tofauti ni 13.40. Ila mwandishi wa programu akumbuke tu ile nyota ya Fatuma isimezwe na Excel.

Kutafuta wastani wa wastani ni kosa ambalo mkulima yeyote wa pamba wa Bariadi au Itilima angelikamata bila kompyuta. Tuseme ana ekari moja yenye rutuba iliyotoa kilo 600, na ekari nne zilizochoka zilizotoa kilo 200 kila moja. Mtu wa ofisini atachukua 600 na 200, agawanye kwa mbili, aandike kilo 400 kwa ekari. Mkulima anajua amepeleka kilo 1,400 kwenye mizani ya chama cha ushirika (AMCOS) kutoka ekari tano: 280. Mrushaji aliyeruhusu mikimbio 2 kwa ova moja asubuhi, kisha 63 kwa ova tisa mchana, hakuruhusu 4.5 kwa ova. Aliruhusu 65 kwa ova kumi, yaani 6.5. Kifaa kizuri huhifadhi jumla, kikagawanya mara moja, mwishoni.

Tukiwa kwenye pamba: je, wajua kwamba udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika, ule ambao Wasukuma huuita mbuga, una ndugu yake India anayeitwa udongo mweusi wa pamba, na baadhi ya viwanja vya kriketi vya India hutandikwa kwa huohuo? Sehemu ya katikati, yadi 22, karibu mita 20, inataka udongo wa mfinyanzi unaoshindiliwa ukawa mgumu. Simiyu haina upungufu wa malighafi hiyo. Na ubao wa matokeo ungeandikwa kwa chaki za Maswa, zile zinazotengenezwa na kiwanda kilichoanzishwa na vijana wa wilaya hiyo.

Kuna tatizo moja ambalo si la hesabu, nalo huchukua muda kuliko yote: majina. Selemani, Sulemani na Suleiman anaweza kuwa mtu mmoja aliyeandikwa na waandishi watatu wa matokeo, na programu itamgawa vipande vitatu, kila kipande na wastani wake. Usukumani shida huja kinyume: weka timu ya vijana kumi na mmoja Bariadi, uone kama hutapata akina Masanja wawili, na kompyuta iwaunganishe wawe shujaa mmoja. Hifadhi kubwa za takwimu humpa kila mchezaji namba yake. Jina hubaki la kuonyesha tu. Afadhali kuanza hivyo siku ya kwanza, maana kutenganisha akina Masanja baada ya msimu mzima ni kazi ya mikono.

Data ya kujaribia haina haja ya kubuniwa. Tovuti ya Cricsheet hutoa bure mafaili ya mechi za kimataifa, mpira kwa mpira, na mtu mwenye bando la wastani anaweza kuyashusha. Na usidhani tovuti kubwa zilianza kubwa: Cricinfo ilianzishwa 1993 na Simon King, mtafiti Mwingereza aliyekuwa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, na mwanzo wake ulikuwa programu ndogo ndani ya chumba cha gumzo, ukiiuliza matokeo inakujibu.

Ukitaka mechi ya kuanzia yenye harufu ya nyumbani, chukua Nairobi, 4 Oktoba 1996. Shahid Afridi wa Pakistan, kijana asiyejulikana, alifikisha mikimbio 100 dhidi ya Sri Lanka kwa mipira 37, akitumia gongo la Sachin Tendulkar wa India. Alitolewa akiwa na 102 kwa mipira 40: kasi ya 255 kamili. Rekodi yake ya kufikisha 100 kwa mipira michache zaidi katika mechi za kimataifa za siku moja ilikaa mpaka 1 Januari 2014, Corey Anderson wa New Zealand alipotumia mipira 36. Au chukua Dar es Salaam, Oktoba 2008, mashindano ya daraja la nne la dunia yaliyochukuliwa na timu iliyokuwa ikipanda ngazi kwa haraka ya kutisha: Afghanistan.

Imebaki mvua, ambayo hakuna kifaa chepesi kinachoiweza. Mwaka 1992, nusu fainali ya Kombe la Dunia mjini Sydney, Afrika Kusini ilihitaji mikimbio 22 kwa mipira 13 dhidi ya Uingereza. Mvua ikanyesha dakika chache. Kanuni ya wakati ule ilipunguza ova mbili, na kwa shabaha iliondoa zile ova ambazo Uingereza ilipata kidogo zaidi. Wachezaji waliporudi, mpira umebaki mmoja, na deni karibu lilelile. Wanatakwimu wawili wa Uingereza, Frank Duckworth na Tony Lewis, wakaja na njia inayotazama rasilimali mbili kwa pamoja, ova zilizobaki na wiketi zilizobaki, ikatumika mara ya kwanza 1 Januari 1997 Zimbabwe ilipocheza na Uingereza. Sasa inaitwa DLS, baada ya mwanatakwimu Steven Stern kuichukua na kuirekebisha.

Ila programu ikishatoa namba, kuna mtu wa kuisoma. Durban, 3 Machi 2003, siku kumi na mbili kabla ya Karim kufanya maajabu yake mji huohuo, Afrika Kusini, wenyeji wa Kombe la Dunia, walikuwa wanafukuzia 268 ya Sri Lanka mvua ikikaribia. Benchi lilitazama karatasi ya kompyuta na kutuma ujumbe uwanjani: tunahitaji 229. Mark Boucher akapiga mpira wa mikimbio sita, ikawa 229, akauzuia mpira uliofuata kwa utulivu, bila kukimbia. Mvua ikavunja mchezo. Namba 229 ilikuwa sahihi, ila ilikuwa ya kutoka sare. Ya kushinda ilikuwa 230. Karatasi ilitoa namba ya sare, wao wakaisoma kama ya ushindi. Sare ikaitoa Afrika Kusini kwenye mashindano yake yenyewe, Shaun Pollock akapoteza unahodha, na nafasi yake akapewa Graeme Smith, mwenye umri wa miaka 22.